Gogo Moja, Mafundi Wanne: Kuuelewa Useremala wa Dwarf Fortress

Ngome yangu ya kwanza katika mchezo wa Dwarf Fortress ilikuwa na ukumbi wa chakula wa kupendeza. Meza 12 za mwaloni, viti 12 vya mwaloni, milango ya mwaloni kila upande. Ilipofika majira ya baridi, wakazi wote walikuwa wanalala chini juu ya mawe, pombe imekatika kwa kukosa mapipa ya kuitia, na kule nje kwenye theluji hakukuwa na mti hata mmoja uliosimama. Seremala wangu hakupumzika mwaka mzima. Alifanya kila nilichomwagiza, tena haraka, na ndivyo alivyoimaliza ngome.

Nimeucheza mchezo huu miaka mingi tangu hapo, na swali ninalolisikia kwa kila anayeanza ni lile lile: mbona mbao haziishi kuisha? Tatizo ni kwamba watu wanamtazama seremala peke yake. Gogo moja likishaanguka linagombewa na mafundi wanne, na seremala ni mmoja wao tu. Usipowajua wale watatu wengine, utamlaumu yeye bure.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mchezo wa kompyuta uliobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Walianza kuuandika 2002, wakautoa bure kwa umma Agosti 2006, na kwa miaka mingi ulionekana kwenye skrini kama herufi na alama tupu. Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York liliuingiza kwenye hazina yake 2012. Toleo lenye picha lilianza kuuzwa Desemba 2022, na lile la herufi bado linapatikana bure. Unapewa vibeti saba, wale mafundi wafupi wenye ndevu wa hekaya za Ulaya ya Kaskazini, pamoja na mkokoteni na vifaa vichache, kisha unaachwa nyikani ujenge. Huwashiki mkono. Unatangaza kazi, na mwenye nafasi anaiendea.

Tuanze na mti wenyewe. Mkata miti anahitaji shoka, na hapa kuna jambo dogo ninalolipenda sana. Ukisahau kubeba shoka, au likapotea, bado hujakwama: vunja mkokoteni uliokuja nao, utapata magogo 3. Mpe seremala gogo moja akuchongee shoka la mazoezi, lile la mti mtupu ambalo askari hulitumia kujifunzia. Shoka hilo la mti linaangusha miti. Niliposimuliwa mara ya kwanza sikuamini, nikajaribu, na msitu ukaanza kulala chini.

Hadi 2014 mti mmoja ulitoa gogo moja, basi. Katika toleo la Julai mwaka huo miti ilipewa mwili kamili, yaani shina, matawi na majani, na urefu wa ghorofa kadhaa. Mti mkubwa sasa unatoa magogo mengi kwa mkupuo. Maelekezo ya zamani utakayoyakuta mtandaoni yanaogopa uhaba wa miti kuliko inavyostahili leo, kwa hiyo angalia yaliandikwa lini. Ila faida hiyo ina hatari yake: magogo yanayoporomoka yanaweza kumvunja mifupa, hata kumuua, kibeti aliyepita chini. Usikate miti kando ya mlango wa ngome wakati watu wanaingia na kutoka.

Sasa gogo liko chini. Nani analichukua?

Wa kwanza ni seremala. Karakana yake ni ya miraba 3 kwa 3 na inajengwa kwa kipande kimoja tu cha mti au jiwe, kwa hiyo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kusimama. Humo vinatoka vitanda, mapipa, makreti, ndoo, vizimba, mitego ya wanyama, milango, meza, viti, makabati, makasha, majeneza, matoroli, ngao, magongo ya waliovunjika miguu na mabanzi ya kufungia mifupa. Orodha ni ndefu na ndiyo inayowapoteza wageni. Wanaona kila kitu kinawezekana, wanadhani kila kitu kinafaa.

Wa pili ni mchoma mkaa, na huyu ndiye mlaji mkubwa ambaye hakuna anayemtilia shaka. Gogo moja kwenye tanuri lake linatoa fungu moja la mkaa, hakuna zaidi. Mkaa ndio unaoyeyusha madini na kuendesha karakana ya mhunzi. Fanya hesabu ya chuma cha pua: kupata mikuo 2 ya chuma cha pua unahitaji mikuo 2 ya chuma cha kawaida, na katika hatua zote za kukigeuza unateketeza mafungu 4 ya mkaa, mbali na ule uliotumika kuyeyusha mawe ya chuma mwanzoni. Maana yake kila mkuo umeshameza magogo mawili na ushei kabla mhunzi hajainua nyundo. Ukitaka kuwavisha askari kumi deraya, usishangae msitu ukikimbia. Anayechimba hadi akaufikia uji wa moto wa chini ya ardhi anaweza kujenga matanuri yanayotumia moto huo badala ya mkaa, na akibahatika kupata makaa ya mawe mzigo unapungua pia. Mpaka siku hiyo, mshindani wa kweli wa vitanda vyako ni mhunzi.

Huyo huyo mchoma mkaa anaweza kuchoma gogo liwe jivu badala ya mkaa. Jivu linageuzwa kuwa magadi ya maji, na magadi hayo yakichanganywa na mafuta yanakuwa sabuni. Usidharau sabuni. Hospitali ya ngome isiyokuwa na sabuni inapoteza majeruhi kwa vidonda kuoza, hata kama daktari ni hodari. Nikisikia mtu anasema hana magogo ya sabuni lakini ana viti vya mbao, naumia.

Wa tatu ni mchongaji wa vitu vidogo. Yeye ana karakana yake na ustadi wake, na ni kosa la kawaida kudhani ni seremala. Kibeti anaweza kuwa gwiji wa vitanda na asijue kuchonga kinyago cha kuuza. Mchongaji anatoa mapambo na vikorokoro vya biashara, na gogo moja mikononi mwake linatoa mishale 25. Mishale ya mti haimwangushi adui wa maana, lakini kwa mazoezi ya walenga shabaha inatosha kabisa, na chuma chako kinabaki salama. Karibu naye kuna fundi wa pinde, mwenye karakana yake pia, ambaye kazi yake ni moja na anaitumia mara chache.

Wa nne ni ujenzi. Magurudumu ya maji, vinu vya upepo na mihimili inayosafirisha nguvu kutoka kimoja hadi kingine vyote vinataka mti. Gurudumu la maji linakula magogo 3, kinu cha upepo 4. Ukianza kupandisha maji ghorofa kumi kwa pampu, utaona stoo ya magogo inavyokonda.

Ukishawaona wote wanne, swali linabadilika. Badala ya kuuliza seremala atengeneze nini, unauliza kitu gani hakiwezi kutengenezwa kwa kingine ila mti. Orodha hii, tofauti na ile ya kwanza, ni fupi mno. Kitanda ni mti, hakuna kitanda cha jiwe wala cha chuma isipokuwa kwa muujiza nitakaousimulia mbele. Silaha za mazoezi ni mti. Mihimili na magurudumu ni mti. Makreti, matoroli, mabanzi na magongo yanaweza kuwa ya chuma, lakini nani atapoteza chuma chake kwa kreti? Kwa hiyo nayo tuyahesabu ni ya mti.

Vilivyobaki karibu vyote mwachie fundi mawe. Meza, viti, milango, makabati, makasha, majeneza: vya jiwe ni vizuri vile vile, na kibeti akichimba chumba kimoja tu anakuachia mawe ya kujaza nyumba nzima. Hata pipa lina mbadala. Mchongaji akipewa jiwe anachonga chungu kikubwa kinachohifadhi pombe na chakula sawasawa na pipa. Tangu nilipoanza kutumia vyungu vya mawe, sijawahi tena kukaukiwa na pombe. Na pombe kwa vibeti si anasa: wakiikosa wanafanya kazi kwa kujikokota na kinyongo kinawapanda.

Ngao ya mti ninaitaja peke yake kwa sababu watu wanaidharau. Katika mchezo huu, uwezo wa ngao kuzuia pigo hautegemei imetengenezwa kwa nini. Ngao ya mti mwepesi inazuia kama ya chuma na haimlemei askari. Mpe kila kuruta ya kwake mwaka wa kwanza, chuma kiende kwenye kofia na deraya za kifua.

Tuje kwenye ustadi, maana hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu.

Mtazame seremala mmoja akiwa kazini. Oda ya kitanda inaingia. Anaacha bakuli lake, anakwenda stoo, anabeba gogo la mwembe, anarudi nalo karakana akikokota hatua. Muda unapita. Linatoka kitanda, na jina lake kwenye skrini limewekwa katikati ya alama mbili. Bila alama yoyote, ni kitanda cha kawaida chenye thamani 10. Kikizungukwa na vistari viwili kimefanywa vizuri, thamani 20. Alama za jumlisha ni 30, vinyota 40, mistari mitatu iliyolazwa 50. Juu kabisa kuna kijua kidogo chenye miale, na hapo thamani inaruka hadi 120. Gogo ni lile lile moja. Kilichoongeza thamani mara 12 ni mkono tu.

Kibeti aliyetoa kazi yenye kijua anaikumbuka na kuifurahia. Na kitu hicho kikija kuharibiwa, kikiungua moto kwa mfano, anaumia rohoni. Nimewahi kupoteza chumba kizima kwa moto, na kibeti niliyemhofia kuliko wote baada ya hapo alikuwa seremala aliyetengeneza vitanda vilivyokuwa humo, wala si mwenye chumba.

Ustadi unapandaje? Kila kazi moja ya karakana inampa alama 30 za uzoefu. Ngazi ya kwanza inataka alama 500, ya pili 600 juu yake, ya tatu 700, na kuendelea hivyo. Kwa lugha ya magogo: kazi 17 kufika ngazi ya kwanza, kazi 117 kufika ya tano, na kazi 600 kufika ya kumi na tano, ambayo ndiyo ya ugwiji. Magogo mia sita! Ndiyo maana nawashauri watu wasimlee gwiji kwa nguvu. Kabla ya safari mchezo unakuruhusu kumnunulia kibeti ustadi hadi ngazi ya tano. Fanya hivyo kwa seremala mmoja, umeshaokoa magogo 117. Na kama huna budi kumzoeza, mwambie apasue vipande vya kujengea: gogo moja linatoa vipande 4, kuta zinapanda haraka zaidi kuliko kwa magogo mabichi, na hakuna kilichopotea.

Kumbuka pia ustadi una maana pale tu ubora unapoonekana. Kitanda kizuri kinampa furaha anayekilalia na kupandisha hadhi ya chumba, na wakubwa wa ngome wanadai vyumba vyenye hadhi. Lakini pipa la gwiji halibebi pombe zaidi ya pipa la mwanafunzi. Kreti ni kreti. Mkaa ni mkaa, mchomaji hodari anawahi kumaliza tu. Kwa hiyo mimi najenga karakana mbili: moja nimeifunga kwa jina la seremala wangu bora, huyo hafanyi chochote ila vitanda na samani za wakubwa, nyingine iko wazi kwa yeyote, ndiko kwenye mapipa, ndoo na makreti. Katika toleo la sasa jambo hili ni la lazima, kwa sababu usipomteua mtu, kazi ya useremala inaweza kuchukuliwa na kibeti yeyote aliye karibu, na utashangaa kwa nini kitanda cha meya kimetoka bila alama hata moja.

Kuna njia nyingine ya kufika kwenye ugwiji, nayo huwezi kuiagiza. Ngome ikishafikisha wakazi 20, mara moja moja kibeti mmoja anabadilika. Anaacha kila kitu, haongei na mtu, anaiteka karakana na kuanza kudai vitu: magogo, mawe, mifupa, vito, kitambaa. Mimi husema amepandisha. Akipata vyote anavyotaka anajifungia, na anatoka na kitu kimoja cha pekee chenye jina lake chenyewe, thamani yake mara 120 ya kitu cha kawaida. Huo ndio muujiza niliousema: kwa njia hii hata kitanda cha jiwe kinaweza kuzaliwa. Mara nyingi anatoka pia akiwa gwiji papo hapo. Asipopata anachodai, akili inamruka na hapati kupona.

Kinachoamua atapandisha katika ufundi gani ni ule ufundi wa mikono anaouweza kuliko mwingine. Hapa kuna mtego. Ukiwatuma vibeti wako wote kusaidia useremala siku za mwanzo, wengi wao useremala utakuwa ndio ufundi wao wa juu kabisa, na akija kupandisha yule uliyetamani awe mhunzi wa deraya, utapata kabati. Kabati zuri ajabu, lakini kabati. Wachache uliowapanga kwa uhunzi wakalishe mbali na randa na msumeno.

Kuhusu aina za miti, msomaji wa pwani atafurahi kukuta majina ya nyumbani: ngome yako ikiwa mahali pa joto unaweza kukata mwembe, mkorosho, mtende, mkoko na msufi. Kwa bei yote ni sawa. Mahogani haina thamani kuliko msonobari, jambo linalowashangaza wanaojua bei za mbao. Tofauti ni uzito, na uzito unamhusu anayebeba. Msufi ni mwepesi, na mwepesi kuliko yote ni mti wa manyoya unaoota katika nchi njema za mchezo huu, kilo 100 tu kwa mita ya ujazo. Vibeti nao wana mapenzi yao: mmoja anapenda mwaloni, mwingine mwembe, na kitu cha mti aupendao kinamfurahisha akikiona.

Mti mmoja tu unavunja kanuni zote. Katika mapango ya chini unaota uyoga mkubwa kama mti ambao joto lake halibadiliki kamwe. Uko daima kwenye kiwango cha maji kuganda. Mbao zake haziungui. Pampu iliyotengenezwa kwa mbao hizo inavuta uji wa moto bila kudhurika. Ukiukata huo, usiuache kwenye rundo moja na mingine, maana mchoma mkaa hachagui, anachukua gogo lililo karibu. Dawa yake ni stoo mbili. Stoo ya magogo inakuruhusu kuchagua aina ya mti unaoingia, na karakana inaweza kuunganishwa na stoo maalumu isichukue kwingine. Miti ya kawaida ipeleke kwa tanuri, ile unayoithamini iunganishe na seremala. Hatua hii moja imeniokolea magogo kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kupewa. Na ukishayafungua mapango, mbegu za uyoga zinasambaa, miche inaanza kuota hata kwenye vyumba ulivyochimba ndani ya udongo, kwa hiyo unaweza kupata magogo bila kutoka nje kuliko na maadui.

Kuna watu wa nje wanaohesabu miti yako pia. Waelfi, watu wa msituni wa mchezo huu, wanakuja kufanya biashara majira ya kuchipua, na kwao mti uliokatwa ni msiba. Mwoneshe mfanyabiashara wao kinyago cha mti, atakililia kuwa kilikuwa mti mzuri, na biashara itakuwa imekwisha. Wengi wanaepuka vitu vya mti lakini wanasahau kreti: wanaweka vito na vikombe vya mawe ndani ya kreti la mbao, wanauza kreti na vilivyomo, wanafukuzwa. Uza vilivyomo, kreti lenyewe libaki kwako. Kioo angavu nacho hawakitaki, kwa sababu kinatokana na jivu la kuni. Na ukikata sana wanaweza kumtuma mjumbe kukuwekea kikomo cha miti kwa mwaka; ukikubali kisha ukakivunja, usishangae safari inayofuata wakija na pinde.

Mwaka uliopita katika ngome yangu mjumbe huyo alifika na kikomo chake. Nilifungua hesabu za stoo kabla ya kujibu: vitanda 40 tayari, vyungu vya mawe vimejaa pombe, matanuri yote yamehamia kwenye uji wa moto wa chini. Nilikubali kikomo chake, na mkata miti wangu nikampa kazi ya kuvua samaki.